MREJESHO: Nguo za kujificha za kupigia picha ndege, Ziwa Duluti

Wadau, niliuliza hapa namna ya kujitengenezea nguo za kujificha kwa bei nafuu, za kupigia picha ndege Duluti, zisizofanana na sare za jeshi. Asanteni sana kwa majibu yenu.

Nilimsikiliza aliyesema nishuke Moshi, mitumba ya Memorial, nitafute shati la pamba tupu la khaki iliyopauka. Nililifunga mafundo kwa kamba za katani, nikalichemsha na majani ya chai, kisha nikaliacha humo hadi asubuhi. Limetoka na mabaka ya kahawia, palipofungwa pakabaki peupe kidogo, na halifanani na kombati hata chembe. Suruali ya poliesta ndiyo iliyogoma: rangi yote iliishia kwenye maji ya kusuuzia. Atakayejaribu asome lebo kwanza.

Vipande vya gunia mabegani vinavunja umbo la mtu vizuri, ila vinanasa kwenye miiba. Nimebakiza vya mgongoni tu.

Kilichosaidia kuliko vyote ni ushauri wa yule dada aliyesisitiza nifunike uso na viganja, na nifue kwa sabuni ya mche badala ya unga wa kung'arisha, maana ndege wengi huona mwanga wa urujuanimno, ambao sisi binadamu hatuuoni. Dada, ubarikiwe sana! Juzi mdiria alitua kwenye tete karibu nami, nikamwona kasamaki kakipapatika mdomoni mwake.

Nikipata suruali ya pamba nitaweka picha.