Chaja za magari zinaunguza kabini ya mtaa wetu: nani aliruhusu ziunganishwe?

Wandugu wa Lubumbashi, naandika nikiwa na hasira, na hasira hii ina sababu. Huku kwetu Kampemba, kampuni moja ya usafiri imekodi kiwanja kwenye avenyu yetu, ikaleta magari yanayotumia umeme, kisha ikaunganisha chaja nane kwenye kabini ileile, yaani kibanda cha transfoma, inayolisha nyumba zetu. Hakuna aliyepima mzigo wa transfoma kabla ya kuziunganisha, wala hakuna mkazi aliyeulizwa. Tangu hapo, umeme ukiwepo jioni, taa hufifia, friji hushindwa kuwaka, na fyuzi za kabini hukatika mara kwa mara.

Transfoma hiyo ni jasho letu. Ya kwanza ilipoungua, tulichanga nyumba kwa nyumba, mkuu wa avenyu akiandika majina kwenye daftari, na mama mjane alitoa kiasi kilekile alichotoa mwenye duka. Leo mama anayeuza samaki wa tomsoni anamwaga bidhaa iliyooza, na sisi wengine tumerudi kupikia makala (makaa), huku magari ya wengine yakijazwa betri kwa transfoma tuliyoinunua sisi.

Wenye kampuni wanatujibu kwamba chaja ni kifaa cha kawaida, haina tofauti na jiko la umeme. Jibu hilo ni la kuwapumbaza wasiojua. Jiko huzimwa chakula kikiiva, lakini chaja ya amperi 32 huvuta kama kilowati 7 kwa saa nyingi mfululizo. Chaja nane za namna hiyo zikiwekwa kwenye fazi moja, yaani mmoja kati ya nyaya tatu zinazotoa umeme kwenye transfoma, huvuta amperi 256, ilhali transfoma yetu ya kVA 250 imeundwa kubeba takriban amperi 360 kwa kila fazi, na nyumba zote zilizo kwenye fazi hiyo bado zinaitegemea. Na ndivyo walivyozifunga: zote fazi moja! Mlango wa kabini ukifunguliwa, unajionea mwenyewe: ganda la kebo ya fazi hiyo limeyeyuka karibu na skrubu na shaba imekuwa nyeusi, wakati kebo mbili za pembeni ni nzima kabisa, mafuta nayo yanavuja juu ya tangi na kuteremka kwenye mapezi ya kupoozea. Kinachonitisha zaidi ni waya wa nyutro, kwa kuwa mzigo usio na uwiano kati ya fazi hurudi kupitia waya huo. Siku utakapokatika, nyumba zenye mzigo mdogo zinaweza kupokea karibu volti 380 badala ya 220, na kila kilichochomekwa kitaungua.

Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linalozalishwa ndani ya nyaya za transfoma huongezeka mara nne, na karatasi zinazohami nyaya hizo huzeeka kwa kasi maradufu kwa kila nyuzi joto 6 zinazozidi nyuzi joto 98 za Selsiasi. Zamani transfoma ilipata nafasi ya kupoa usiku, watu wakiwa wamelala; sasa usiku ndio saa ya kuchaji magari. Delestaji, yaani mgao wa umeme, nayo inazidisha madhara, kwa sababu umeme ukirudi baada ya kukatwa kutwa nzima, friji, pampu za visima na chaja zote nane huanza kuvuta kwa dakika ileile, na fyuzi hukatika kabla watoto hawajamaliza kushangilia.

Wahusika wa umeme, tulipowapelekea barua, walisema mji mzima una upungufu. Tunalijua hilo. Mitambo ya umeme wa maji ya Nzilo na Nseke haiwezi kutosheleza miji na migodi kwa pamoja, na umeme wa bwawa la Inga, magharibi mwa nchi, husafiri takriban kilomita 1,700 ndipo ufike Kolwezi. Lakini upungufu wa umeme hauyeyushi kebo ya fazi moja na kuziacha mbili nyingine salama.

Mimi sipingi magari haya; kobalti ya betri zake inachimbwa hapa jirani, Lualaba, na wenyeji tuna haki ya kuyaendesha kama mtu mwingine yeyote. Ila kule yalikoenea, watu wameweka sheria. Uingereza, tangu Juni 2022, chaja mpya za nyumbani lazima ziweze kuchelewa kuanza kwa muda unaotofautiana, hadi dakika 10, ili zisivute zote kwa pamoja. Ujerumani, tangu Januari 2024, mwendeshaji wa gridi anaweza kupunguza nguvu ya chaja mpya hadi kilowati 4.2 mtandao unapolemewa. Huku kwetu, hata kipimo cha amperi hakikuletwa.

Tunataka chaja hizo zizimwe mpaka mzigo wa kila fazi upimwe mbele ya wakazi, tena upimwe jioni, si saa nne asubuhi wakati watu wako kazini. Kisha kampuni inunue transfoma yake yenyewe na ilipie kebo iliyoungua. Aliye Ruashi, Katuba au Golf, kama ameona chaja zikifungwa kwenye kabini ya mtaa, aandike hapa ukubwa wa transfoma na idadi ya chaja, kwa sababu barua yetu ya pili inakwenda kwa burugumesta, mkuu wa komuni yetu, na tunataka iende ikiwa na mitaa mingi.