Gandhi alikuwa mwanafunzi wa namna gani?

Muulizaji: Ndugu wanajukwaa, naandaa somo kuhusu ujana wa Mohandas Gandhi, na ningependa kufahamu iwapo dalili za msimamo wake zilionekana tangu shuleni au zilikuja baadaye.

Jibu la kwanza: Ndugu, alizaliwa Porbandar, India, tarehe 2 Oktoba 1869, baba yake akiwa diwani, yaani waziri mkuu wa dola hiyo ndogo, kisha familia ikahamia Rajkot. Darasani alikuwa wa kawaida, tena mwenye haya nyingi. Hata hivyo, liko tukio ambalo mimi nalithamini kuliko alama zozote: mkaguzi alipofika shuleni na kuwataka wanafunzi waandike maneno ya Kiingereza, Gandhi alikosea neno lenye maana ya birika, na ingawa mwalimu alimgusa kwa kiatu ili anakili kwa jirani yake, yeye hakunakili.

Jibu la pili: Nakubaliana nawe, ila naomba tusimsahau mama yake, Putlibai, mcha Mungu aliyezoea kufunga. Kabla ya kumruhusu kwenda London mwaka 1888 kusomea sheria, alitaka mwanawe aape kutogusa pombe, nyama wala wanawake, na kiapo hicho kijana alikishika hata pale wazee wa tabaka lake walipomtenga kwa sababu ya kuvuka bahari. Alihitimu uwakili mwaka 1891.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Nitaanza somo langu na kisa cha mkaguzi, kisha kiapo.