Mnaokarabati boti za zamani kwa vifaa vya nyumba na vya magari kisha mkaziuza: mnatuachia hatari chini ya sakafu

Ndugu wanajukwaa,

Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Boti ninayoifanyia kazi ni ya faibaglasi, ya miaka mingi, yenye kabini ya kulala, injini ya petroli iliyo chini ya sakafu ya nyuma na mguu wa propela unaotokeza tezini, yaani upande wa nyuma. Aliyeniuzia aliisifu kwamba imefanyiwa maboresho mengi: taa mpya, redio mpya, betri mpya, pampu mpya, sakafu mpya. Vyote hivyo nimevikuta kweli, na karibu kila kimoja kimefungwa kwa namna ambayo ingeweza kuizamisha boti au kuiteketeza. Simlaumu mtu anayejitengenezea chombo chake mwenyewe, kwani mimi ni mmoja wao, na boti za umri huu zingekuwa zimeozea nchi kavu zamani kama kila nati ingemsubiri fundi wa kulipwa. Ninaowalalamikia ni wale wanaochukua vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya nyumba au gari, wakavipachika botini, wakavifunika kwa zulia, halafu wakamwachia mwingine ayagundue hayo akiwa katikati ya maji.

Nianze na umeme, kwa kuwa ndiko hasira ilikoanzia. Nyuma ya paneli ya swichi nilikuta waya wa nyumbani, ule wenye uzi mmoja mnene wa shaba, umeungwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa tepu nyeusi. Tepu ilikuwa imekwisha kulegea na kubaki gundi inayonata vidoleni. Nilipoivuta kidogo tu, waya wenyewe ulikatika, na palipokatika hapakuwa na shaba ya kung'aa bali unga wa kijani. Waya wa aina hiyo umetengenezwa ukae ndani ya ukuta usiotikisika. Ukiuweka botini, mtetemo wa injini na vishindo vya mawimbi huuchosha mpaka ukatike, aghalabu pale pale penye kiungo, na kabla haujakatika kabisa kiungo hicho hupata moto. Waya unaofaa ni wa nyuzi nyingi nyembamba, na ulio bora zaidi kila uzi wake umepakwa bati, kwa sababu unyevu wa chumvi hutambaa ndani ya ganda na kuila shaba mahali ambapo jicho haliwezi kufika. Viungo vyake hubanwa kwa koleo maalumu, kisha hufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Kazi hiyo si ngumu. Aliyeweza kuchomoa paneli nzima na kupachika redio yenye taa za rangi angeweza pia kubana kiungo kimoja inavyostahili.

Waya mnene uliotoka kwenye betri kwenda kabini haukuwa na fyuzi hata moja hadi ulipofika kwenye paneli. Viwango vya ABYC, baraza la Marekani linaloandika kanuni za ujenzi wa boti, vinataka kinga ya mkondo wa umeme iwekwe ndani ya inchi 7 kutoka kwenye chanzo, yaani kama sentimita 18, na nafuu zinazotolewa ni chache. Sababu yake ni rahisi, ingawa wengi hawataki kuielewa: fyuzi hiyo kazi yake si kulinda redio, bali kuulinda waya. Betri ya boti inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mkupuo mmoja, na waya ukichubuka ganda lake na kugusa penye njia ya kurudi kwenye betri, kipande chote kisicho na fyuzi hugeuka kuwa kikaangio cha umeme kinachopita chini ya magodoro. Taa za kuongozea nazo zilikuwa hafifu, na muuzaji alisema zinahitaji balbu mpya. Hazikuhitaji balbu. Upotevu wa volti kwenye taa hizo, kama kwenye feni ya kufyonza mvuke wa petroli, unatakiwa usizidi asilimia 3, ambayo kwa mfumo wa volti 12 ni pungufu ya volti 0.4, lakini waya mwembamba aliouvuta hadi omo, yaani mbele ya boti, ulikuwa ukipoteza mara kadhaa ya kiasi hicho.

Umeme mbovu peke yake ni jambo baya, ila umeme mbovu juu ya petroli ni jambo ambalo sijui mtu analifanyaje kisha akalala usingizi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Kwenye gari hudondoka barabarani na kupeperuka, lakini kwenye boti hutulia ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, ukingoja cheche. Ndiyo maana stata (mota ya kuwashia injini), altaneta (ya kuchaji betri) na distribyuta (ya kugawa umeme wa plagi) za boti hujengwa kwa namna inayozuia cheche za ndani zisiuwashe mvuke ulio nje. Stata niliyoikuta ni ya gari, na altaneta vilevile. Kwa macho zinafanana na zile za boti, matundu ya bolti yanalingana, injini inawaka, na bei yake ni nafuu. Hapo ndipo kishawishi kinapoingilia. Sijasema habari ya kabureta, ambayo ikiwa ya gari hufurika na kumwaga petroli nje, wakati ile ya boti imetengenezwa iirudishe petroli hiyo kwenye koo lake ili imezwe na injini. Hiyo, angalau, hawakuwa wameibadilisha.

Kuna na feni ya kufyonza mvuke, ambayo inapaswa kuendeshwa dakika 4 au zaidi kabla ya kuwasha injini. Feni ilikuwapo na ikivuma vizuri, ila bomba lake, ambalo mdomo wake unapaswa kushuka hadi sehemu ya chini ya ngama bila kuzama kwenye maji ya kawaida, lilikuwa limekunjwa na kufungwa kwa kamba juu kabisa chini ya kifuniko, nadhani ili lisimsumbue mtu alipokuwa akifunga betri zake mpya. Kwa hiyo mwenye boti alikuwa akingoja dakika zake kwa nidhamu, akifyonza hewa safi ya juu na kuuacha mvuke wote ulipo. Mpira wa petroli nao haukuwa na maandishi yoyote ubavuni. Mpira unaofaa huandikwa kiwango chake, kwa mfano ISO 7840 daraja la A1, na umepimwa ustahimili moto kwa dakika 2 na nusu. Dakika hizo ndizo za kumtoa mtoto aliyelala kabini.

Chini ya mstari wa maji mambo hayakuwa afadhali. Valvu mbili za kuingizia maji ya bahari zilikuwa za brasi, za aina inayofungwa kwenye mabomba ya jikoni. Brasi ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na ndani ya maji ya chumvi zinki huondoka kidogo kidogo, shaba inabaki peke yake ikiwa na vitundu kama sifongo. Kwa nje valvu bado ina umbo lake. Niliikwangua kwa kisu ikaonyesha rangi ya waridi, nikaigonga kwa nyundo ndogo, shingo ikang'oka. Bahati ni kwamba boti ilikuwa chelezoni, nje ya maji. Tundu la upana wa sentimita 5 likiwa sentimita 30 chini ya maji huingiza zaidi ya lita 150 kwa dakika, na hakuna pampu ndogo ya ngama inayoweza kushindana nalo, hasa ukikumbuka kwamba namba iliyoandikwa kwenye pampu hupimwa bila kuinua maji kwenda popote. Bronzi halisi au plastiki ngumu iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo ndiyo ya kutumika hapo.

Na pampu yenyewe mpya? Boya lake la kuiwasha lilikuwa linafanya kazi vizuri kabisa, isipokuwa aliyeifunga aliipitisha kwenye swichi kuu ya betri. Maana yake ni kwamba mtu akishuka, akazima swichi kuu kama mwungwana, pampu nayo inakufa, na boti inabaki peke yake bila kinga katika muda ule ule ambao hakuna mtu wa kuona maji yakipanda. Waya wa boya hutakiwa kutoka moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi yake yenyewe.

Mguu wa propela ulikuwa umepakwa rangi kwa bidii, vipande vya zinki vikiwamo. Vipande hivyo vimewekwa viliwe na chumvi badala ya mguu. Ukivipaka rangi umevifunga mikono. Zaidi ya hapo, rangi yenyewe ni ile ya kuzuia viumbe vya baharini yenye shaba, ambayo haitakiwi kabisa kugusa alumini, na mguu ni wa alumini. Sasa una vishimo kila mahali.

Sakafu mpya sitaisemea sana. Ni mbao za tabaka zilizolazwa juu ya mbao zilizooza, zikashikiliwa na skrubu za dari ambazo zimekwisha kuwa kutu tupu, na kila pembe imemiminiwa silikoni. Mtu akishapaka silikoni, hakuna gundi wala rangi itakayoshika tena pale mpaka faibaglasi isuguliwe. Vipaza sauti vilikatiwa matundu kwenye sitaha bila kuziba kingo kwa epoksi, gundi ngumu isiyopitisha maji, na maji yameingia kwenye kiini cha balsa, mbao nyepesi iliyo ndani ya sitaha. Ukigonga kuzunguka tundu sauti inabadilika kutoka ngumu kuwa butu hadi umbali wa mkono mzima.

Najua watakuja wanaosema kwamba boti iliendeshwa hivyo miaka mingi bila tatizo. Sibishi. Valvu ya brasi hufanya kazi bila tatizo hadi siku inapovunjika, na stata ya gari huwasha injini mara nyingi mno kabla haijakutana na mvuke wa kutosha. Wengine watasema vifaa vya boti ni ghali kupindukia, na hapo tunakubaliana kabisa, kwani kuna vitu vinavyouzwa bei mara tatu kwa sababu tu vimepigwa picha ya nanga kwenye boksi. Kikombe cha kunywea kinunue popote. Lakini tofauti ya stata haiko kwenye boksi, na asiyeweza kuinunua basi aiache injini ikiwa imezimwa. Nao wanaokimbilia betri za lithiamu siku hizi wasome kwanza: betri hizo huweza kuivuta altaneta ya zamani kwa nguvu zake zote mpaka iungue, na mfumo wake wa ulinzi ukikata ghafla huku injini inazunguka, diodi za altaneta, vipande vinavyogeuza umeme wake ufae betri, hufa.

Ninachowataka wauzaji si kikubwa. Piga picha kabla ya kufunga sakafu, chora waya zinapita wapi, andika kwenye kila ncha kazi yake, na ukiuza, kabidhi karatasi hizo pamoja na funguo. Kama umefunga kitu cha muda, sema ni cha muda.

Wenye viwanda nao wana sehemu yao ya lawama, kwa kuwa tangi la petroli la boti hii ni la alumini, limezungushiwa povu lililolowa maji, ambalo ndilo huitoboa alumini kutokea nje, na sakafu ya kiwandani imepita juu yake bila kidirisha hata cha kupitisha mkono. Aliyewahi kufungua sakafu ya namna hii aniambie alikata wapi, na alitumia kifaa gani kisichotoa cheche.