Injini ya ndege niliyojenga inamisi dakika ya tano ya kupanda, chini haina shida

BawaJepesi
Wakuu, habari zenu. Naombeni ushauri, jambo hili linaninyima usingizi. Nina ndege ya viti viwili niliyoijenga kwa mikono yangu miaka sita. Injini ya silinda nne, nguvu farasi 100, kabureta mbili, tangi moja kila bawa. Imeruka saa 18 tu.

Napanda vizuri, halafu kwenye dakika ya tano hivi injini inaanza kumisi. Dashibodi inatetemeka mpaka geji hazisomeki, mizunguko inashuka kutoka 5,200 hadi 4,600. Nikipunguza nguvu, inatulia yenyewe baada ya sekunde chache. Imenitokea mara tatu, na mara zote niligeuza nikatua. Chini, nikiufunga mkia na kuipa nguvu yote dakika nzima, inanguruma safi kabisa. Nimebadilisha plagi zote nane, hali ni ileile. Nianzie wapi?

FundiBoya
Pole sana mkuu, na ashukuriwe Mungu umetua salama. Kwanza, usiirushe tena mpaka kisa kijulikane. Mara ya nne inaweza kukukuta huna pa kutua.

Pili, joto la ekzosi lilifanyaje? Kila kabureta inalisha silinda mbili. Zikibadilika mbili za upande mmoja, tatizo ni kabureta ya upande ule: boya linaloelea ndani yake kupima mafuta limenyonya petroli likawa zito, au jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta, ina uchafu. Zikipanda zote nne kwa pamoja, injini ina njaa ya mafuta, na kosa liko kabla ya pale mpira wa mafuta unapogawanyika kwenda kwenye kabureta.

BawaJepesi
Zote nne zilipanda, kama nyuzi 40, ndipo mtetemo ukaanza. Huwa naruka kwa tangi la kushoto.

SautiYaPropela
Mimi ningekagua moduli za moto kwanza, vile vifaa vya umeme vinavyozipa plagi cheche, zikichemka huwa zinakata. Na barafu kwenye kabureta je? Huganda hata hewa ikiwa nyuzi 20, kukiwa na unyevu mwingi.

FundiBoya
Moduli iliyochemka haiponi kwa sekunde chache eti kwa kuwa umepunguza nguvu. Na barafu hubana hewa, kwa hiyo mafuta ndiyo yanazidi. Hapa ekzosi inasema yamepungua.

MamaRiveti
Kaka, jaribio lako la chini linakudanganya. Angani pua iko juu na umepanda dakika tano. Chini pua imelala na unazima baada ya dakika moja. Ipe hitilafu mazingira yake.

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, inua pua hadi pembe ya kupanda. Chomoa mpira wa mafuta kabla haujagawanyika kwenda kwenye kabureta, washa pampu ya umeme, kinga kwa chombo chenye alama. Injini ya ukubwa huo ikinywa lita 27 kwa saa kwa nguvu zote, mfumo wa pampu unatakiwa utoe asilimia 125 ya hizo, yaani kama mililita 560 kwa dakika. Andika kila dakika, na usiache kabla ya kumi. Fanyia nje, ndege na chombo viunganishwe kwa waya wa ethi, na mtu wa pili ashike kizimamoto. Kwenye hilo sina utani, petroli inayomwagika hutengeneza umeme wake.

BawaJepesi
Nimefanya jioni hii. Dakika ya kwanza 640, ya pili 630, ya nne 510, ya sita 370! Nikazima pampu, nikasubiri kidogo, nikawasha: 620. Nilikaa chini palepale nikiitazama ile karatasi.

MamaRiveti
Kuna kitu kinavutwa taratibu mpaka kinaziba, na mvuto ukipungua kinaachia. Ndiyo maana ukipunguza nguvu inapona. Rudia kifuniko cha tangi kikiwa wazi, ili tulitoe tundu la kuingizia hewa kwenye tangi katika hesabu. Ikiwa vilevile, toa chujio la ndani ya tangi.

BawaJepesi
Kifuniko wazi, vilevile. Nimemwaga tangi na kulitoa chujio, lile jembamba kama kidole. Limevikwa vipande vya gundi ya kuzibia viungo, laini, vyembamba kama magamba ya samaki. Ukikigusa kimoja kinateleza, ukinyonya hewa upande wa pili kinanata. Naikumbuka siku ile: giza lilikuwa linaingia, nikapaka gundi bila kulikwaruza bati vizuri kwa msasa. Nimelisafisha, sasa natoa 640 dakika zote kumi. Naweza kuruka?

MamaRiveti
Hapana, kaka. Iliyobanduka hapa itabanduka na pengine. Fungua tangi, bandua gundi yote, kwaruza bati, paka upya. Na la kulia ulilipaka lini?

FundiBoya
Naunga mkono. Na ufunge geji ya presha ya mafuta kabla ya kuruka. Ingekuonya kabla mtetemo haujaanza.

BawaJepesi
La kulia nililipaka jioni ileile, kwa kopo lilelile. Kesho asubuhi naanza kulifungua.