Kuchaji gari la umeme nyumbani: waya wa mm² ngapi, breka ya ampea ngapi?

Egesho22

Wakuu, naomba ushauri wa kitaalamu kabla fundi hajaanza kutoboa ukuta.

Gari lina betri ya kWh 40, chaja yake ya ndani inapokea hadi kW 6.6, na tundu lake la kuchajia ni Taipu 1. Nyumba ina fezi moja, voti 230, meini swichi ya ampea 60. Kutoka kwenye boksi la breka hadi gari linapoegeshwa ni mita 22. Waya utapita ndani ya bomba la PVC juu ya ukuta, na sehemu kubwa inapigwa jua. Mwendo wa kila siku ni kama km 45.

1. Kebo ya kuchomeka kwenye soketi ya kawaida inatosha, au ni lazima nifunge chaja ya ukutani?
2. Fundi anapendekeza waya wa mm² 6 na breka ya ampea 32. Ni sawa?
3. RCD ya nyumba (swichi inayokata umeme unapovuja) ipo tayari. Inatosha?
4. Umeme ukikatika, naweza kuchaji kwa jenereta?

---

Kilowati_Saa

Anza na hesabu ya uniti (uniti moja ni kWh 1), vifaa vitafuata. Gari la ukubwa huo hula uniti 15 hadi 18 kwa km 100. Kwa km 45 betri inahitaji uniti 7 na ushee. Ongeza asilimia 10 hadi 15 zinazopotea kama joto, mita itahesabu uniti 8 hivi. Kebo ya kuchomeka ikivuta ampea 10 inatoa kW 2.3, kwa hiyo ndani ya saa 4 umerudisha ulichotumia mchana kutwa. Kwa mwendo wako, hiyo inatosha.

Chaja ya ukutani ina maana kubwa pale unaporudi na betri iko chini na safari ipo asubuhi. Kutoka asilimia 20 hadi 80 ni uniti 24 ndani ya betri, karibu 27 kwenye mita. Kwa ampea 10 hizo ni saa 12. Kwa chaja ya ukutani ni saa 4 na dakika chache. Ukinunua ya kW 7.4, gari bado litachukua 6.6 zake tu, maana kinachogeuza umeme wa AC (wa nyumbani) kuwa DC (wa betri) kimo ndani ya gari.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kile kisanduku cha ukutani hakichaji chochote. Ni swichi nzito inayozungumza na gari kupitia waya mwembamba wa ishara. Kinatuma mawimbi 1,000 kwa sekunde, na urefu wa kila pigo ndio unaoliambia gari mwisho wa mkondo liruhusiwao kuvuta: pigo linalochukua asilimia 10 ya wimbi ni ampea 6, asilimia 27 ni ampea 16, asilimia 53 ni ampea 32. Gari lenyewe ndilo huamua kuvuta kiasi hicho au chini yake. Chini ya ampea 6 mfumo huu haushuki. Kwa sababu hiyo usihangaike sana na chapa ya kisanduku. Weka umakini kwenye waya, viungo na ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini).

Kama gari lilitengenezwa kwa soko la Japani, soma kwanza kibandiko cha kebo iliyokuja nalo. Iliyoandikwa voti 100 peke yake usiichomeke kwenye 230. Na Taipu 1 isikutishe: chaja ya ukutani yenye tundu la Taipu 2 (matundu 7) inaunganishwa na gari la Taipu 1 (matundu 5) kwa kebo yenye kichwa tofauti kila upande. Lugha ya ishara ni ileile.

---

Waya_Mwekundu

mm² 6 na breka ya 32 ni sawa kabisa, ndivyo inavyofungwa kila mahali. mm² 6 inabeba ampea 40 na zaidi. Fundi yuko sahihi, mwache afanye kazi.

---

BombaNaKebo

Mkuu Waya_Mwekundu, kwa waya uliopigwa misumari juu ya ukuta kwenye kivuli, nakubaliana nawe: mm² 6 ya PVC inabeba ampea 46. Lakini hapa waya umo ndani ya bomba, na bomba liko juani. Nyaya mbili za mm² 6 ndani ya bomba hubeba ampea 41 hewa ikiwa nyuzi joto 30. Kwenye nyuzi 40 unazidisha kwa 0.87, unabaki na ampea 36 tu. Bomba linalopigwa jua moja kwa moja ndani yake ni moto zaidi ya hapo.

Sasa angalia breka. Gari litavuta karibu ampea 29 bila kupumua kwa saa 4. Chaja ikiwekwa 32, gari jingine lenye chaja kubwa litavuta 32 kamili. Breka ya 32 ndani ya boksi lililojaa breka nyingine, zote zikipashana joto, hujikata baada ya saa moja au mbili bila kosa lolote kwenye saketi. Mtu hukasirika, anaweka breka ya 40 na kuacha waya uleule. Hapo breka hailindi tena waya: 40 inazidi 36, na insuleisheni (ganda la plastiki la waya) inaanza kuiva polepole bila mtu kujua. Makosa ya aina hii ndiyo mabaya zaidi kwa sababu kila kitu kinaonekana kinafanya kazi.

Kwa njia hiyo ya mita 22, weka mm² 10 na breka ya ampea 40. mm² 10 ndani ya bomba ni ampea 57. Kwenye nyuzi 40 bado ni 49. Upotevu wa volteji nao unapungua: mm² 6 hupoteza milivoti 7.3 kwa kila ampea kwa kila mita, yaani voti 5 na ushee kwa ampea 32. mm² 10 hupoteza milivoti 4.4, ambayo ni voti 3. Waya wa ethi uwe wa shaba pia, usiokatwa wala kuungwaungwa njiani. Na hakikisha nyaya zenyewe ni shaba tupu. Kuna zinazouzwa zikiwa alumini iliyopakwa shaba, ambazo hubeba mkondo mdogo na hulegea kwenye skrubu. Kwaruza ncha kwa kisu uone rangi ya ndani.

Ukibaki na kebo ya kuchomeka, usitumie soketi yoyote iliyo karibu. Soketi ya kawaida imezoea birika linalochemka dakika chache. Vuta saketi ya peke yake kutoka kwenye boksi, mm² 4, breka ya ampea 20, soketi moja tu mwishoni. Kama kebo yako inaruhusu ampea 16, funga ile soketi ya duara ya viwandani ya bluu yenye pini 3. Inavumilia mkondo wa muda mrefu kuliko soketi ya jikoni. Ekstensheni usitumie. Ikibidi kwa usiku mmoja, ifungue yote, usiiache imeviringwa, na pasiwe na plagi nyingine juu yake.

Kinachounguza plagi ni mguso uliolegea. Joto hupanda kwa mraba wa mkondo. Mguso wenye ukinzani wa omu 0.1 kwa ampea 10 hutoa wati 10, na plagi inakuwa vuguvugu. Mguso huohuo kwa ampea 32 hutoa wati 102, ndani ya kitu cha ukubwa wa ngumi. Shika plagi baada ya nusu saa ya kuchaji: ikikuunguza hadi utake kuiachia, zima. Rangi ya kahawia kwenye pini au harufu ya plastiki, tupa soketi na plagi zote mbili. Ukibadilisha moja, ile iliyoharibika inaharibu mpya.

---

Waya_Mwekundu

Nimekuelewa, bomba na jua sikuvihesabu. Ninaondoa nilichosema, Egesho22 fuata mm² 10.

---

EthiKwanza

Nijibu swali la 3, kwa sababu hili linagusa uhai.

Tazama alama iliyochorwa kwenye RCD ya nyumba. Ikiwa ni wimbi moja tu, hiyo ni taipu AC. Haifai kwa gari. Ndani ya gari kuna vifaa vya DC. Insuleisheni ikichoka, DC kidogo inavuja kurudi kwenye nyaya za nyumba. DC hiyo hushibisha sumaku ya ndani ya RCD na kuipofusha. Mtu akipigwa na shoti jikoni, RCD inakaa kimya. Unaweza kubonyeza kitufe cha majaribio leo ikaruka vizuri, na kesho gari likiwa limechomekwa isiruke.

Unachohitaji ni mojawapo ya haya mawili: chaja yenye kinga ya ndani inayokata DC ikifika miliampea 6, pamoja na RCD taipu A ya miliampea 30, au, kama chaja haina kinga hiyo, RCD taipu B. Kinga hiyo hutajwa kwenye kijitabu cha chaja. Pia saketi ya gari isipite chini ya RCD ya zamani ya nyumba. Itoke baada ya meini swichi, iwe na RCD yake, ikate waya wa moto na nyutro kwa pamoja.

Ethi. Kama nyumba ina nguzo yake ya ethi ardhini, pima kwa mashine, usikisie. Kwa RCD ya miliampea 30, hesabu inaruhusu hadi omu 1,667, lakini ikizidi 200 haiaminiki. Kiangazi ardhi hukauka na namba hupanda. Lenga chini ya 100. Isipofika, zamisha nguzo zaidi, au ongeza ya pili ukiiweka mbali na ya kwanza angalau kwa urefu wa nguzo yenyewe. Bomba la maji si ethi.

Kama ethi yako inatoka kwa waya wa nyutro wa msambazaji wa umeme, hatari ni nyingine. Nyutro ikikatika huko barabarani, bodi la gari linaweza kupata volteji ya kuua wakati wewe umesimama kwenye udongo mbichi. Kwa hali hiyo tumia chaja inayotambua nyutro iliyokatika na kujitenga, au ipe saketi ya gari nguzo yake ya ethi isiyounganishwa na ile ya nyumba.

---

Egesho22

Asanteni sana wakuu. RCD ina alama ya wimbi moja, kwa hiyo ni taipu AC. Tutaibadili. Swali dogo: meini ya ampea 60 itahimili chaja ya 32 pamoja na jiko la umeme na hita ya kuogea?

---

Kilowati_Saa

Kwa pamoja, hapana. Hita ya papo kwa papo ya kW 5 ni ampea 22, jiko lenye sahani mbili na oveni linafika 25 kirahisi. Ukiongeza 32 umepita 60. Una njia tatu. Punguza chaja iwe ampea 16, kwa swichi ndogo zilizo ndani yake au kwa programu yake ya simu. Hapo unapata kW 3.7, ila vyote vitatu kwa pamoja bado ni ampea 63, kwa hiyo hita na jiko visiwake pamoja wakati gari linachaji. Au iweke ianze saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri: kwa ampea 16 ni uniti 22, karibu mara tatu ya mahitaji yako. Au nunua chaja yenye kihisi cha kuzunguka waya mkuu, ambayo hujipunguza yenyewe jiko linapowashwa. Kwa km 45 kwa siku, mimi ningechagua 16 na saa za usiku. Waya wa mm² 10 uvute hivyohivyo. Kuuvuta upya baadaye ni kazi mara mbili.

---

BombaNaKebo

Swali la 4 bado. Kuchaji kwa jenereta kunawezekana, lakini jenereta nyingi ndogo zina nyutro inayoelea, haijaunganishwa na ethi. Chaja hupima ethi kwanza, isipoiona inawasha taa nyekundu na kukataa. Dawa ni fundi kuunganisha nyutro na ethi kwenye jenereta yenyewe, mahali pamoja tu, na swichi ya kubadilishia ikate nyutro pia ili isigongane na ya msambazaji. Usidanganye chaja kwa kuunga nyutro na ethi ndani ya plagi. Waya mmoja ukilegea, bodi la gari linakuwa na umeme. Shusha chaja hadi ampea 6 au 8: ampea 6 ni kW 1.4, kwa hiyo jenereta ya kW 1 haitaweza. Inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa AC) ya mawimbi ya mraba iache kabisa, tumia ya mawimbi laini (pure sine wave) pekee.

Umeme ukirudi baada ya kukatika huja na mshtuko wa volteji. Weka kizuia radi kwenye boksi, na kinga ya volteji ya ampea 63 kwenye saketi ya gari: ikate ikizidi voti 253, isubiri dakika 3 hadi 5 kabla ya kurudisha.

Siku ya kukabidhi kazi, usimlipe fundi kabla hajafanya haya mbele yako: kupima insuleisheni kwa voti 500 chaja ikiwa imetenganishwa (isipungue megaomu 1), kupima mwendelezo wa ethi hadi kwenye chaja, na kupima RCD kwa mashine, iruke ndani ya milisekunde 300 kwa miliampea 30. Nyaya za nyuzi nyingi ziwe na vikofia vya kubana kabla ya kuingia kwenye skrubu, na skrubu zikazwe kwa nguvu iliyoandikwa kwenye breka. Kisha chaji saa nzima kwa mkondo kamili, zima meini, guseni kila kiungo cha saketi ya gari (upande wa kuingilia wa meini bado una umeme, usiguswe). Rudieni kukaza baada ya wiki mbili, maana shaba hujipanga na skrubu hulegea kidogo.