Ushuru wa nyumba: anayelala barazani Nairobi yuko wapi kwenye hesabu?

Mzee wa Kayole
Kila mwenye peslipu Kenya anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake ghafi kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri anaongeza asilimia 1.5 yake. Wa shilingi 30,000 anatoa 450, bosi wake 450. Mahakama Kuu iliuangusha ushuru huo Novemba 2023, Bunge likaurudisha kwa sheria mpya iliyotiwa saini Machi 2024. Kwa hiyo upo, na pesa zinaingia. Sasa, sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 15,337 hapa Nairobi pekee. Pesa hizi zianze na nani? Mimi naona tumeanza kupanda ngazi kutoka katikati. Nipingeni kwa hesabu, matusi wekeni kando.

Dada Hesabu
Mzee, tuanze na lililo jema. Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, nyumba 1,080 za kwanza zilikabidhiwa Mei 2025. Bedsita, yaani chumba kimoja chenye choo chake, ya mita 20 za mraba iliwekewa bei ya 640,000, malipo 3,900 kwa mwezi. Chumba cha mabati cha kumi kwa kumi, yaani futi, ni mita 9 na kidogo, choo nje, maji ya mtungi. Aliyehama kutoka pale kwenda hapa amepata nafasi mara mbili na choo chake mwenyewe, kwa pesa zisizopishana sana na kodi aliyozoea. Anayesema huo ni mradi wa matajiri hajapita mlangoni pake.

Kikwazo ni arubuni, yaani malipo ya kwanza kabla ya kupewa nyumba. Sheria iliiweka asilimia 10, na kwa bedsita ile hiyo ni 64,000. Ipunguze nusu, bado ni 32,000. Mama wa kufua nguo anayelipwa kwa siku ataipata wapi 32,000 kwa mkupuo? Na kumbuka sheria inagawa watu kwa kipato: chini ya 20,000 kwa mwezi, 20,000 hadi 149,000, na juu ya hapo. Huyo wa 149,000 arubuni haimtoi jasho.

Karani wa Ustawi
Na huyo mama angalau ana kitambulisho. Wa barazani hana. Boma Yangu, mtandao wa serikali wa kuombea nyumba hizi, inataka nambari ya kitambulisho na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha mzazi, na barua ya chifu. Kijana aliyetoka kwao akiwa na miaka 9 hajui hata lokesheni yake, aende kwa chifu gani?

Halafu msako. Lori la kanjo, askari wa kaunti, linapita usiku, blanketi zinatupwa ndani, maboksi yanatupwa ndani, na ule mfuko wa plastiki uliofungwa fundo unatupwa vilevile. Ndani ya mfuko mna kadi ya kliniki ya mtoto, na pengine risiti ya cheti kilichoombwa. Siku mbili baadaye watu wamerudi Muthurwa, mfuko haujarudi. Kazi yote ya makaratasi inaanza upya. Wanaoendesha misako wanadhani wanaondoa watu, kumbe wanachoondoa ni karatasi.

Mjenzi
Nimesikia, lakini tusichanganye mambo mawili. Fedha za ujenzi zinaacha nyumba. Mnaotaka ushuru huu uwalipie watu kodi badala ya kujenga, pigeni hesabu: 4,000 kwa mwezi, miezi 160, ni 640,000. Miaka 13 na ushee, pesa zimeingia kwa landilodi yuleyule wa mabati, na hamna hata tofali moja la kuonyesha. Nyumba ya mawe itakaa miaka 50. Njiani imelipa fundi wa vyuma, fundi wa milango, mama wa chakula pale saiti.

Dada Hesabu
Hesabu yako ni sahihi, swali ndilo limekosea. Hakuna aliyeomba miezi 160. Wengi huangukia barabarani baada ya mwezi mmoja au miwili ya deni: landilodi anaweka kufuli lake juu ya lako, vitu vinabaki ndani, watoto nje. Kumrudisha mtu huyo chukua kodi ya miezi mitatu, 12,000, dipoziti 4,000, godoro, jiko na sufuria 6,000. Jumla 22,000. Bei ya bedsita moja inarudisha familia 29.

Mjenzi
Na mwezi wa nne?

Karani wa Ustawi
Swali zuri, na wenzangu huliruka. Aliyeanguka kwa ugonjwa au kwa kuachishwa kazi, miezi mitatu humtosha mara nyingi. Aliyekaa kwenye base, maskani ya vijana wa mitaani, miaka kumi na chupa ya gundi, haimtoshi kamwe. Huyo anataka chumba kisicho na mwisho, na mtu wa kumtembelea.

Hapo ndipo watu hunitajia Ufini. Ndiyo, tangu 2008 wanampa mtu nyumba kwanza, matibabu baadaye, na idadi yao imeshuka sana. Ila kule kodi ya huyo mpangaji inalipwa kwa ruzuku ya makazi kutoka Kela, shirika la serikali, mwezi baada ya mwezi. Sisi mfuko huo hatuna. Ukichukua nusu ya Ufini, yaani funguo bila kodi, umempa mtu miezi mitatu ya kungoja kufukuzwa.

Fundi Bomba
Nyote mnagombania vyumba. Mukuru ilipotangazwa eneo maalumu la kupangwa mwaka 2017, kaya zilizohesabiwa zilipita 100,000. Nyumba zote zilizopangwa pale, elfu kumi na tatu hivi, zikiisha na kujaa, waliobaki kwenye mabati bado ni zaidi ya nane kwa kila kumi. Hao mnawaambia nini?

Kuna njia ya katikati, na sehemu ya Mukuru imeshaijaribu: mfereji wa majitaka uliorahisishwa. Bomba la milimita 100 hadi 200 linapita chini ya kichochoro, kina kifupi, kwa sababu hakuna gari litakaloliponda. Badala ya shimo kubwa la ukaguzi unaweka kisanduku kwenye kila kona na kila maungio. Teremko lisipungue mita 1 kwa kila mita 200. Mfereji wa kawaida unadai barabara pana, na barabara pana ni bomoabomoa.

Huharibika wapi? Nepi, mchanga wa kichochoro, na maji haba. La mwisho ndilo baya zaidi, kwa kuwa choo kisichomwagiwa maji ya kutosha hakisukumi kitu, bomba linaziba wiki ya pili na watu wanavunja kisanduku kwa sururu. Maji kwanza, mfereji baadaye, choo mwisho. Mwanasiasa hufanya kinyume maana choo ndicho kinachokatwa utepe. Na pesa za ushuru zinaweza kwenda huko, sheria inataja miundombinu inayoambatana na nyumba.

Mzee wa Kayole
Fundi, ukweli wote usemwe: choo kikifika, landilodi hupandisha kodi.

Fundi Bomba
Hupandisha, sibishi. Ndiyo maana orodha ya wapangaji iandikwe kabla ya kuchimba, nambari kwenye mlango, majina yabandikwe hadharani majirani wayakosoe. Usipofanya hivyo, majina ya wageni yanaingia usiku.

Mkaazi wa Kibera
Hata orodha safi haitoshi. Lang'ata 2009 zilijengwa nyumba 600 za kuhifadhi watu wa Kibera kwa muda wakati kwao kunajengwa, za vyumba vitatu, na familia zikagawiwa chumba kimoja kimoja: jiko moja, choo kimoja, ugomvi wa bili ya stima kila mwezi. Soweto Mashariki, hapa Kibera, zikakabidhiwa 822 mwaka 2016. Waliopangisha wengine na kurudi kwenye mabati hawakuwa wajinga. Kodi waliyolipwa kwa chumba kizuri ilizidi mapato yao ya kazi. Sheria ya 2024 inakataza kuuza bila kibali cha bodi, sawa, ila kupangisha kimyakimya nani ataona?

Dada Hesabu
Dokezo dogo kuhusu kaunti. Dishi na County, mpango wa kaunti wa chakula cha shuleni, inamlisha mtoto kwa shilingi 5, anagusisha bangili ya malipo tu. Kwangu ni matumizi mazuri kuliko mengi ya kaunti. Lakini bangili hutolewa shuleni. Mtoto wa barazani hayuko shuleni.

Mjenzi
Haya, nimesogea hatua moja. Nyumba moja kati ya kila 20 itengwe, ipangishwe bila arubuni, orodha ishikwe na watu wa ustawi. Kwenye zile 1,080 hizo ni 54. Nakubali. Sasa niambieni nani atalipa ada ya huduma ya hizo 54. Pampu ya maji inakula stima, na majirani 19 hawatakubali kumlipia mmoja.

Fundi Bomba
Hapo umenena. Wakigoma kulipa wote, pampu inazimwa. Ghorofa ya nane bila pampu, choo cha ndani ni ndoo tu.

Karani wa Ustawi
Basi ada hiyo itoke kwenye ushuru. Andikeni kiasi, kwa nyumba, kwa mwezi. Hesabu hiyo hamjaileta.