Tupeane uzoefu: vipimo vinasema utumbo umetulia, tumbo bado linasumbua

Salaam wakuu, niko Ngamiani hapa Tanga. Nina vidonda vya utumbo mpana, natumia mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo. Kolonoskopi ya mwisho, kile kipimo cha kamera ndani ya utumbo mpana, ilikuwa safi na damu sioni. Ila nikinywa chai ya maziwa asubuhi, tumbo linajaa, linanguruma, choo kinanibana kabla sijavuka Barabara ya 9. Kuna wenzangu?

Mtu wa Pangani: Pole ndugu, tupo wengi. Mie nina Crohn, ugonjwa mwingine wa uvimbe wa utumbo. Daktari aliniambia uvimbe ukishapoa, mishipa ya fahamu ya utumbo inaweza kubaki nyepesi kuhisi, hewa kidogo tu unasikia kama kisu. Kabla ya kunirudisha kwenye prednisoloni, dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe, akataka choo kipimwe kalprotektini, protini ya chembe nyeupe za damu ambayo hupanda utumbo ukiwa na uvimbe. Ikatoka chini, prednisoloni hakuandika. Alhamdulillah, maana zile za mwanzo zilinivimbisha uso na sukari ikapanda.

Mama Chumbageni: Mie kila nikienda na tumbo langu zahanati naambiwa amiba, nashika metronidazoli narudi nyumbani. Kilichonifaa ni chakula. Mtu wa lishe alinipunguzia kitunguu maji, kitunguu saumu, maharage, ngano na maziwa kwa wiki chache, kisha kimoja kimoja kikarudi. Sasa mwambie mtu wa Tanga aache maharage ya nazi na mahamri! Wali, samaki na mchicha vinapita vizuri. Kitunguu nakikata vipande vikubwa, nakaanga, halafu naopoa chote kabla sijatia maji wala tui. Ladha inabaki kwenye mafuta, kinachojaza gesi hakiyeyuki humo.

Kaka wa Muheza: Sawa, ila msijiachie. Ukiona damu, homa, unapungua uzito, au kuharisha kunakuamsha usiku, hapo usisingizie mishipa, rudi hospitali. Na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni mnazonunua tu dukani zinaweza kuuamsha uvimbe.

Mtu wa Pangani: Nyongeza kwa tuliokatwa kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba: nyongo isiponyonywa pale inashuka utumbo mpana, unaharisha maji. Mimi nilipewa kolestiramini, unga wa kukoroga, nikapata nafuu.

Mwenye uzi: Shukrani sana. Naanza na maziwa, chai iwe ya rangi. Kalprotektini mlipimia hapa Tanga au sampuli ilipelekwa Dar? Mwenye kujua na bei aitaje.